Pedeli ya baiskeli ya mlimani: bei kubwa sio uimara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee kitu ambacho sisi tunaopanda baiskeli za mlimani huku Arusha tunaulizana kila tukikutana, eti pedeli gani itadumu. Naongelea zile za kunasa, ambazo kiatu kinakuwa na kipande cha chuma chini ya soli, yaani kliti, kinang'atwa na pedeli mpaka uzungushe kisigino kwenda nje ndo unachomoka. Dukani jibu ni lile lile, chukua ya bei ya juu, nyepesi, hiyo ndo kiboko. Aisee sio kweli. Wepesi waachie wanaogombea sekunde, kwetu sisi pedeli imara ni ile ambayo fundi anaweza kuifungua, akaisafisha, akaifunga, na kliti zake unazipata bila kumsubiri shemeji anayerudi kutoka Ulaya.

Mfano pedeli ya Shimano M520. SPD, yaani mfumo wa kunasa wa Shimano, ulitoka mwaka 1990 na hii M520 ni mojawapo ya zile za bei nafuu kwenye ukoo huo, nzito, karibu gramu 380 kwa pea, haina urembo wowote. Ila ndani imewekwa gololi na koni (zile nati zinazobana gololi) za kawaida, vitu ambavyo fundi yeyote wa baiskeli kashavishika tangu utotoni. Kinachotakiwa ni kile kifaa kidogo cha plastiki chenye meno cha kutolea ekseli (nunua chako kabisa, usimtegemee fundi), alafu spana ya 7 na ya 10, unafuta grisi nyeusi, unaweka mpya, unakaza koni kidogo kidogo mpaka ule mchezo, yaani kulegea, uishe lakini pedeli bado inazunguka laini. Basi, umepata maisha mengine.

Kuna wanaonitajia pedeli za Eggbeater za kampuni ya Crankbrothers na siwapingi moja kwa moja, maana inanasa pande nne na tope linapita tu halina pa kukaa, masika ukiwa kwenye ule udongo unaoganda kama ugali SPD inaweza kugoma mpaka uigonge na kiatu. Lakini kliti zake ni za shaba, laini, zinalika haraka kuliko za chuma za Shimano, na ukitaka kuifufua ndani unahitaji seti yake maalum ya spea. Sasa hiyo seti hapa mjini uipate wapi? Pedeli za ATAC za kampuni ya Time nazo zinapenda tope na nazo kliti ni shaba, kwahiyo hesabu ni ile ile.

Wanaonunua za mitumba nao wasikilize. Usinunue pedeli kwa kuangalia rangi. Shika ekseli kwa vidole uzungushe taratibu, ukihisi kama kuna mchanga unasagika humo ndani jua maji yalishaingia, alafu itikise juu chini usikie kama inacheza, mwisho angalia midomo ya chuma pale kliti inapokaa, ikiwa imelika mpaka imekuwa ya duara achana nayo hata akikupa bure, maana mguu utachomoka wenyewe kwenye kona. Na uliza kliti ziko wapi! Za Shimano haziingii kwenye Crankbrothers wala Time, kila kampuni na zake. Ukiwa mgeni wa mambo haya tafuta kliti za Shimano za SH56, zinachomoka kwa pembe nyingi kuliko SH51 ambazo ndo kawaida utazikuta kwenye boksi la M520.

Lingine ambalo watu hawalisemi ni bolti mbili za kliti. Zitie grisi, zikaze kwa alenki ya 4, na uzikague mara kwa mara. Moja ikidondoka kiatu kinazunguka peke yake kliti imebaki palepale, unapindisha kisigino weee pedeli haiachii, na hapo ndo mtu anaanguka amesimama kabisa, tena mbele ya watu. Pia acheni kupeleka baiskeli kule kwa waosha pikipiki wenye ile pampu ya presha, maji yanapenya kwenye sili yanafukuza grisi yote, alafu unalaumu kiwanda. Ndoo na kitambaa vinatosha, na tone la oili kwenye springi ikishakauka.

Kwa wauzaji wetu sasa. Mnaleta pedeli za bei ya mtalii anayekuja kupanda Kilimanjaro kwa baiskeli njia ya Kilema, kliti za akiba hamleti, ukiuliza mnasema huu mchezo hauna wateja wa hapa. Adrien Niyonshuti, jirani yetu wa Rwanda, alishindana kwenye mbio za baiskeli za mlimani Olimpiki ya London 2012, sasa yeye alikuwa mtalii? Duka moja hapa mjini waliniambia kliti haziuzwi peke yake mpaka ninunue pedeli nzima, jambo ambalo sio kweli popote duniani. Leteni kliti, leteni gololi na vile vifaa vya plastiki, ni vitu vidogo vinaingia mfukoni, na sisi tutanunua.

Mpanda baiskeli, Sakina, Arusha