Barua kwa Kulwa: almasi yako na slaidi zangu

Kirumba, Mwanza

Kulwa rafiki yangu, mwangaluka!

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza kwenye daladala nikitoka kazini, ya pili jana usiku nimekaa nje na mama tukitazama taa za wavuvi wa dagaa. Mama anakusalimu sana, anauliza baridi ya Ujerumani unaivumiliaje.

Hebu niseme nilivyoelewa, unisahihishe. Almasi yenu ya kupimia usumaku haikuchimbwa, imekuzwa maabara. Ndani yake kuna mahali ambapo nitrojeni imekalia kiti cha kaboni, na kiti cha jirani kiko wazi. Mkiimulika kwa leza ya kijani, inang'aa nyekundu. Kisha mnaipelekea mawimbi ya maikrowevu, na yakifika gigahezi 2.87 ule wekundu unafifia. Pakiwa na usumaku, mahali hapo pa kufifia panagawanyika pawili, na kila upande unasogea kilohezi 28 kwa kila mikrotesla moja. Msogeo huo ndio mnaousoma. Tena mnausoma kwenye joto la kawaida la chumba, bila heliamu ya kimiminika yenye ubaridi wa nyuzi 269 chini ya sifuri! Jana nikiwa katikati ya ukurasa huo, taa moja ya mbali ilififia ikarudi. Nikajua kuna mtumbwi umekatiza mbele yake, ingawa mtumbwi wenyewe sikuuona. Nikasema, kumbe ndivyo Kulwa anavyofanya kazi.

Unamkumbuka baba mdogo aliyekuwa mgodi wa almasi wa Mwadui? Kwake jiwe lenye kasoro lilikuwa la kusikitisha. Nimemweleza kwamba ninyi kasoro mnaiweka makusudi, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniambia nikuombe picha.

Ila kilichoninyima usingizi ni pale ulipogusia malaria. Kulwa, hiyo hemozoini, taka ya kimelea cha malaria, mimi naishi nayo huku maabara. Damu tone nene, dakika 10 kwenye rangi ya Giemsa, nasuuza, naanika, tone la mafuta, lenzi ya kukuza mara 100. Umeme ukikatika nachukua hadubini ile ya zamani, nageuza kioo chake kielekee dirishani, naendelea. Kwenye kimelea kilichokomaa nakuta punje ya kahawia iliyokolea, na hiyo rangi ni yake mwenyewe, si ya Giemsa. Nikizungusha skrubu ndogo taratibu inameremeta. Ni taka ya mlo wake: anakula himoglobini, himu inayobaki ina chuma na ni sumu kwake, basi anaigandisha iwe kristali. Himoglobini yenye oksijeni inasukumwa kidogo sana na sumaku, lakini kristali hiyo inavutwa. Kwa hiyo mkiweka sumaku ya nje, kila punje inatoa usumaku wake mdogo, na almasi iliyolala chini yake inauona. Kumbe kuna kazi iliyochapishwa mwaka 2019 iliyopima kristali za namna hiyo mojamoja, vitu vya nanomita mia chache tu. Hapo niliweka barua chini nikashika kichwa.

Sasa sikiliza wasiwasi wangu, maana nyie mnaweza msiuone mkiwa huko. Malaria yetu huku Kanda ya Ziwa kwa sehemu kubwa ni ya aina ya falsiparamu. Vimelea vyake vikikomaa vinajibandika kwenye kuta za mishipa midogo ndani ya mwili. Ninavyovipata kwenye damu ya kidole kwa kawaida ni vichanga, vile vya umbo la pete, na pete karibu hazina hemozoini. Mtoto anaweza kuletwa anachemka, slaidi imejaa pete, na almasi yako isione kitu cha maana. Tafadhali msijenge chombo kizima cha kupimia malaria kabla hamjalijibu hilo.

Ningekuwa mimi, ningeanzia kwenye chembe nyeupe. Zinameza hemozoini vimelea vinapopasuka, na nikiona nyingi zimebeba weusi ndani yake huwa siandiki majibu nikasubiri. Naenda mwenyewe kwa daktari, kwa sababu mara nyingi huyo ndiye mtoto anayezidiwa. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuniambia hivyo. Chenyewe kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Lakini kuzihesabu kwa macho ni kazi ngumu, jicho linachoka, na slaidi ya saa tisa alasiri haisomwi kama ya asubuhi. Hapo chombo kinachopima kingenisaidia kweli.

Nimeanza daftari. Kila slaidi yenye vimelea nahesabu chembe nyeupe 100, naandika ngapi zina weusi. Hakuna jina la mtu humo, ni namba na tarehe tu. Nimefika slaidi ya 31. Muulize msimamizi wako kama slaidi iliyokwisha kupakwa Giemsa inaweza kulazwa juu ya almasi, au ni lazima damu iwe mbichi. Ikiwa mbichi ni lazima, niambie mapema, nianze kutafuta kibali.

Dotto alipita Jumapili kutoka Sengerema. Ya harusi yake nitakuandikia barua nyingine.

Rafiki yako,
Magreth