Ndege ya Entebbe haikuwa ya Arafat

Mhariri,

Makala yenu juu ya ndege ya Air France iliyotekwa na kupelekwa Entebbe, Uganda, mwaka 1976 imesema utekaji ule ulikuwa kazi ya Yasser Arafat. Sivyo. Arafat alikuwa kiongozi wa Fatah, kundi jingine la Wapalestina. Aliyeipanga ile kazi ni Dk. Wadie Haddad, maarufu kama Abu Hani, na mtu akishawachanganya hawa wawili haelewi tena kwa nini ndege ililetwa huku kwetu.

Haddad alizaliwa Safed, Palestina, mwaka 1927, katika familia ya Wakristo wa Orthodoksi iliyokimbilia Lebanon mwaka 1948. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, na hapo ndipo alipojuana na George Habash, naye Mkristo na daktari. Walitibu wakimbizi Jordan kabla ya siasa kuwameza. Desemba 1967 Habash aliunda PFLP (Popular Front for the Liberation of Palestine), chama cha Wapalestina cha Kimarx, na Haddad akashika operesheni za nje. Kwa hiyo neno “mujahidina” mlilotumia nalo halimhusu.

Hesabu yake ilikuwa moja tangu Julai 1968, watu wake walipoiteka ndege ya El Al, shirika la ndege la Israel, iliyokuwa ikitoka Roma na kuipeleka Algiers: kuteka ndege ni nusu tu ya kazi, nusu ya pili ni kupata serikali itakayokubali itue na ikae. Algeria ilikubali, na Israel ikawaachia wafungwa. Septemba 1970 alijaribu kwa ukubwa zaidi. Ndege tatu zilikusanywa kwenye uwanja wa jangwani nchini Jordan na kulipuliwa zikiwa tupu, mbele ya kamera. Mwenyeji hakuvumilia: Mfalme Hussein aliwageuzia Wapalestina jeshi lake. Mwaka 1972 PFLP yenyewe ikaachana na utekaji wa ndege. Haddad akakataa, akaendelea na kundi lake. Entebbe, basi, haikuwa hata ya Habash.

Mmeruka pia habari ya Nairobi, nami naona ndiyo kiini. Januari 1976 Wapalestina watatu na Wajerumani wawili walikamatwa Kenya katika njama ya kuitungua ndege ya El Al kwa kombora la kubebwa begani. Walikabidhiwa Israel kimyakimya. Miezi mitano baadaye, watekaji wa Entebbe walitoa orodha ya wafungwa 53 waliotaka waachiwe: 40 wa Israel, 6 wa Ujerumani Magharibi, 5 wa Kenya, mmoja wa Uswisi na mmoja wa Ufaransa. Wale 5 ndio hao hao. Kenya ilikuwa ikidaiwa watu ambao tayari walikuwa mikononi mwa Israel.

Safari hii mwenyeji, Rais Idi Amin wa Uganda, aliwapa watekaji kila kitu, hata askari wa kulinda mateka. Kilichowaponza ni mambo mawili. Waliwaachia abiria wengi wasio Waisraeli, na hao walipofika Paris wakahojiwa: watekaji wangapi, wana silaha gani, mateka wamekaa chumba kipi. Kisha mwisho wa muda uliotolewa ulisogezwa kutoka Julai 1 hadi Julai 4, kwa kuwa Amin alikuwa anakwenda Mauritius kwenye mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Siku hizo tatu zilitosha. Ndege nne za jeshi la Israel aina ya Hercules zilitua usiku wa kuamkia tarehe 4 kuwaokoa mateka, na zikapata mafuta Nairobi zikirudi.

Oktoba 1977 hesabu ilivunjika kabisa. Ndege ya Lufthansa, shirika la Ujerumani Magharibi, iliyotekwa na watu wa Haddad ikitoka Mallorca ilifika Aden, mji wa Yemen Kusini uliokuwa ngome yake, ikakuta njia ya kurukia imezibwa kwa magari. Rubani akaitua mchangani pembeni. Nahodha Jürgen Schumann alishuka kukagua magurudumu, aliporudi akapigwa risasi. Ndege ikaenda Mogadishu. Rais Siad Barre wa Somalia wakati huo alikuwa vitani na Ethiopia huko Ogaden, amekosana na Wasovieti na anawahitaji Wamagharibi, akawaruhusu makomando wa Kijerumani waingie usiku. Watekaji watatu kati ya wanne walikufa. Mateka wote 86 wakatoka hai.

Mwisho, chokoleti. Mmeandika kana kwamba imethibitishwa kuwa Israel ilimwua Haddad kwa chokoleti yenye sumu. Hiyo ni simulizi moja iliyotoka karibu miaka thelathini baadaye. Nyingine, nayo ya mwandishi wa Kiisraeli, inasema ilikuwa dawa ya mswaki iliyotiwa sumu. Huenda mojawapo ni kweli, haziwezi kuwa kweli zote mbili. Mkiichapa tena makala hiyo, andikeni tu kwamba alifia hospitalini Berlin Mashariki mwishoni mwa Machi 1978, akazikwa Baghdad.

Msomaji wenu,
Mombasa