Busu linakatwa, utekaji unaachwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache juu ya tamthilia za nje zinazotiwa sauti za Kiswahili, ambazo hapa Pasua, Moshi, huanza kabla ugali haujaepuliwa na kutazamwa na nyumba nzima, hata watoto wa darasa la tatu.

Juma lililopita mhusika mkuu wa tamthilia tunayoifuatilia alimfungia msichana chumbani siku tatu, akimwambia hatatoka mpaka akubali kuolewa. Machozi, mlango uliotiwa kufuli, mkono uliobanwa ukutani, vyote tulioneshwa bila kupunguzwa. Siku ya nne msichana akatabasamu, na walipokaribiana wabusiane, picha ikarukia baharini. Mjukuu wangu alikuwa ameshafumba macho, kwa kuwa amefunzwa kwamba hapo ndipo penye aibu. Zile siku tatu alizitazama bila kupepesa.

Sipingi ukaguzi. Bodi ya Filamu ina sheria yake tangu mwaka 1976, na Mamlaka ya Mawasiliano ina Kamati yake ya Maudhui. Ninachokihoji ni kipimo, maana tunapima ngozi iliyoonekana tu. Wala si sisi peke yetu: Marekani, mwaka 2004, titi la mwimbaji lilionekana kwa muda usiofika sekunde moja wakati wa mapumziko ya fainali ya mpira wao, na kituo kikatozwa faini ya dola 550,000, ambayo baadaye mahakama iliifuta.

Kipimo bora tunacho humu humu nchini. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inahesabu kuwa ni ubakaji pale ridhaa ya mwanamke ya kujamiiana inapopatikana kwa nguvu, kwa vitisho, au akiwa amezuiliwa isivyo halali. Kisa kile tulichouziwa kama mapenzi, mbele ya hakimu kingekuwa kesi.

Tunaambiwa wazazi tufunge chaneli kwa namba ya siri ya king'amuzi. Nyumbani kwangu namba hiyo anaijua mjukuu; mimi ndiye ninayemwuliza.

Naomba wanaopanga madaraja ya umri waupime utekaji kwa ukali ule ule wanaolipimia busu, na tamthilia za namna hii zisogezwe usiku, watoto wakiwa wamelala. Na wanaotia sauti, wafikapo pale msichana anaposema hataki, wamwache aseme hataki, wasimpachike kicheko cha deko.

Mwalimu mstaafu,
Pasua, Moshi