Lenta kwanza, bati baadaye

Kobe, 19 Januari 2025

Kaka Rweye,

Shikamoo. Na Mama mfikishie shikamoo yangu, umwambie magoti yake nayaulizia kila siku. Mimi mzima. Baridi ipo, zamu za usiku zipo, hayo tuyaache.

Ujumbe wako wa bati la msauzi nimeusoma mara tatu. Milioni nne na nusu, bati pamoja na geti. Kaka, bati silikatai. Ni jepesi, na paa jepesi ndilo ninalolitaka juu ya kichwa cha Mama. Lakini ile picha uliyonitumia nimeikuza mpaka nikaona tofali moja moja. Ukuta umeshapita madirisha, gebo, ile pembetatu ya ukuta chini ya paa, limeanza kupanda, na lenta, ule mkanda wa zege na nondo wa kuzifunga kuta, hakuna. Hela ya nondo nilituma Agosti. Fundi Deo anasema ameweka mbao juu ya milango, inatosha, na wewe ukamwitikia! Sikutaka tujibizane kwenye simu Mama akisikia, ndiyo maana naandika.

Eti tetemeko la huko kwetu Kagera lilishapita, halirudi. Nani kakwambia? Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba 2016 wewe ulikuwa Mwanza, ulifika Jumatatu vumbi limeshatulia. Mimi nilikuwepo. Ilikuwa kama saa tisa na nusu alasiri. Nilisikia mngurumo kama lori la mizigo linapanda mlima, nikatoka mbio mpaka mgombani, na Mama nikamwacha chumbani. Kabati la vyombo ndilo lililomvunja mkono. Gebo la upande wa Ta Kato liliangukia ndani lote, kwa sababu tofali zilijengewa udongo na juu hapakuwa na kitu cha kuzifunga. Na shule ya Ihungo ulikosoma, uliiona ilivyokuwa. Lile lilikuwa la ukubwa wa 5.9 tu, Kaka. Huku la 5.9 likipita, watu wengi hurudi kazini siku hiyohiyo. Na Mama, kila akinyoosha ule mkono kwenye video, mimi naangalia pembeni.

Juzi alfajiri, tarehe 17, nilikwenda na wenzangu kwenye bustani ya Higashi Yuenchi, hapa katikati ya mji. Watu huwasha taa za mianzi na za karatasi, na ikifika saa 11:46 wote wananyamaza. Miaka 30 imetimia. Lile tetemeko la hapa Kobe la 1995 liliwakuta wengi bado wamelala, wakafa zaidi ya watu 6,400, na wengi wao walilaliwa na nyumba zao wenyewe, zile za mbao za zamani zenye paa zito la vigae. Zilizojengwa kwa sheria mpya ya mwaka 1981, nyingi zilisimama. Mtaa uleule, dakika ileile. Kuna bibi ninayemwogesha hapa kwenye kituo cha wazee ninakofanya kazi, alimpoteza mumewe siku ile. Aliniuliza kwetu nyumba zinajengwa na nini. Nikamwambia matofali ya kuchoma. Akanishika mkono, hakusema kitu. Ndipo nikaja kuandika barua hii.

Na jambo la furaha nikupe. Mimi ndiye msimamizi wa mazoezi ya tetemeko ghorofa ya tatu, mgeni wa kwanza kupewa kazi hiyo kituoni hapa. Natoa amri kwa Kijapani na wote wanafuata, hata waliozaliwa hapahapa. Picha nimevaa kofia ngumu nimeituma, Mama aoneshwe, na Ta Kato pia, yeye aliyesema nimekuja huku kufagia. Mambo ya huku mengine usimwambie Mama. Tarehe 15 Januari hii ya 2025 kamati ya serikali ilikadiria kwamba uwezekano wa tetemeko kubwa la Nankai, baharini kusini mwetu, kutokea ndani ya miaka 30 ni kama asilimia 80. Nina begi langu mlangoni, lina maji, tochi, filimbi na dawa, na viatu viko chini ya kitanda. Nalala vizuri.

Sasa sikiliza. Gebo lishushwe. Lenta izunguke kuta zote bila kukatika popote, nondo nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20. Kwenye kona nondo zikunjwe ziingie ukuta wa pili, zisiishie pale. Kona zote zisimamishwe nguzo za zege, nondo zake zitoke kwenye msingi. Gebo jipya liwe la mbao na bati, siyo tofali. Hela ya nondo na saruji nitalipa mwenyewe moja kwa moja dukani, nitumie namba yao. Kabla zege halijamwagwa nataka picha ya kila kona. Nikiziona, hela ya bati natuma siku hiyohiyo. Geti litangoja.

Usikasirike, Kaka. Ada yangu ulilipa wewe, sijasahau, na ng'ombe uliyemuuza namkumbuka kwa jina.

Lakini Mama bado analala nyumba ya zamani, na ule ufa mlipiga plasta tu. Kitanda chake kihamishieni chumba cha mbele karibu na mlango, mbali na ukuta wenye ufa. Ardhi ikitikisika akiwa barazani, atoke uani, asiegemee ukuta wala asirudi kuchukua kitenge. Akiwa ndani kabisa hawezi kuwahi, aingie chini ya ile meza ya mninga ashike mguu wake. Likitulia mtungi wa gesi ufungwe, na usiku ule msilale ndani, madogo hufuata nyuma.

Na kabati la vyombo, nakuomba, leo hii kabla hujalala, ligongomelee ukutani kwa vyuma viwili vya pembe. Ukuta ule wa sebuleni hauna ufa.

Senene za Novemba mlikula bila mimi. Mniwekee kopo moja, zile za kukaanga bila kitunguu.

Mdogo wako,
Koku