Wauza vipuri, tuambieni na miguu pia

Ndugu Mhariri,

Tupe nafasi tuseme na wauza vipuri vya elektroniki wa Kampala pamoja na wateja wao, hasa wanafunzi na wale wanaounda redio, king'ora au chaja ya sola kwa kujifurahisha. Mchoro wa saketi unataka BC547, transista ndogo ya miguu mitatu ya kukuza umeme, dukani haipo, muuzaji anatoa C945 na kusema, "Ni ile ile, ssebo." Kwa nguvu hakosei: zote ni transista za kazi ndogo za NPN, moja kati ya aina mbili kuu za transista, na miliampea 100 hazimzidi yeyote kati yao. Kosa liko miguuni.

Shika transista uso bapa ukikutazama, miguu chini, usome kutoka kushoto. BC547 ni kolekta, besi, emita: besi ndiyo inayoamrisha, na umeme mkubwa unapita kati ya kolekta na emita. 2N3904, transista nyingine ya NPN, ni emita, besi, kolekta. Hiyo ukiitia mahali pa BC547 unaigeuza tu nyuma mbele na inakaa. C945 ni emita, kolekta, besi. Kwa kuwa besi yake iko pembeni, hata ukiigeuza haikai sawa. Itabidi upishanishe miguu na kuivisha ganda la waya ili isigusane. Anayechanganya kolekta na emita haoni moshi. Transista inakuza kidogo mno, sauti inakuwa hafifu, na spika ndiyo inayolaumiwa. Tena kati ya emita na besi BC547 huvumilia volti 6 tu za kinyume, kwa hiyo kwenye saketi ya volti 12 inaweza kufa polepole.

Usiamini maandishi peke yake. Weka multimita kwenye alama ya dayodi, ncha nyekundu kwenye besi, nyeusi uipeleke mguu mmoja kisha mwingine. NPN nzima itasoma kati ya 0.6 na 0.7 pande zote mbili. Upande unaosoma juu kidogo ndio emita. Na unapotafuta maelezo ya kiwanda, andika 2SC945, maana zile "2S" za mwanzo hazichapwi kwenye kifaa.

Mtego wa pili ni 7805, kifaa cha miguu mitatu kinachoshusha umeme na kuushika kwenye volti 5. Ikikosekana, LM317, ambayo volti zake unazirekebisha mwenyewe, inafaa kabisa, ila si kwa kuichomeka palepale. Miguu ya 7805 ni ingizo, ardhi, tokeo. Ya LM317 ni rekebisho, tokeo, ingizo. Weka omu 220 kati ya tokeo na rekebisho, na omu 330 mbili kwa mfululizo kutoka rekebisho hadi ardhi, upate volti 5. Ingizo lisipungue volti 8. Kisha kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau: bati la mgongoni la 7805 ni ardhi, lakini la LM317 ni tokeo. Ukilifunga kwa skrubu kwenye kasha la chuma lililounganishwa na ardhi, umepiga shoti. Weka kipande cha maika kati ya bati na kasha, na pete ya plastiki kwenye skrubu, ili umeme usipite.

Dayodi 1N4007, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, inauzwa kila kona, ndiyo maana inatiwa kila mahali. Kwa umeme wa nyumbani wa hezi 50 ni sawa. Ndani ya chaja inayokata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ni nzito kufunga, inapata moto na kuungua. Hapo weka dayodi ya kasi UF4007, au FR107 kama kasi si kubwa sana. Kuzuia betri isirudishe umeme kwenye paneli ndogo ya sola ya volti 12, 1N5819 inapoteza volti chache kuliko 1N4007. Mwisho wake ni volti 40 na ampea 1, basi usiipeleke kwenye umeme wa ukutani.

Rezista hazina matata: kilo-omu 6.8 na 15 sambamba zinakupa karibu 4.7. Kapasita ya kuchuja ya mikrofaradi 1000, volti 16, inaweza kupisha ya volti 25, hata ya mikrofaradi 2200 mara nyingi. Ila inayopima muda kwenye 555, aisi (saketi ndogo ndani ya kifaa kimoja) ya kuhesabu muda, usiibadilishe hivyo, kwa sababu ukizidisha mikrofaradi mara mbili, muda nao unazidi mara mbili.

Ombi letu kwa wenye maduka ni dogo: mnapotoa mbadala, andikeni mpangilio wa miguu juu ya kipakiti. Na mteja akija na kapasita yenye alama ya X2, ile inayokaa kati ya nyaya mbili za umeme mkuu, msimpe ya kawaida hata kama volti zilizoandikwa ni kubwa zaidi. Ya kawaida ikishindwa hupiga shoti na kuwaka moto. Kama X2 haipo, mwambieni haipo.

Mafundi wa elektroniki,
Kampala