Hukumu ya fidia nayo ionyeshe njia

Ndugu Mhariri,

Nimefundisha hisabati shule za msingi kwa miaka 31, mingi yake hapa Uyole. Mtoto akileta jibu sahihi bila kuonyesha njia, nilimpa alama moja kati ya nne. Wazazi walinijia juu, sikubadilika. Sasa nimestaafu, na mwaka huu nimekutana na hukumu ya mahakama yenye jibu bila njia.

Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alikuwa mfanyabiashara wa viazi. Alinunua Isyonje, akapakia kwenye Fuso kwenda Dar es Salaam. Asubuhi moja alikuwa ndani ya Hiace kwenye mteremko wa Inyala, lori lililofeli breki likaigonga kwa nyuma. Alikuwa na miaka 38. Ameacha mume, watoto watatu, na mama yake mzazi kule Rungwe ambaye shemeji alimtumia shilingi 30,000 kila mwezi.

Matanga hayajaanuliwa, akaja kijana wa kampuni ya bima, mpole, amevua na viatu mlangoni. Alikuwa na karatasi: shilingi milioni tatu, saini hapa, madai yameisha. Mdogo wangu alishika kalamu. Nikaomba niisome kwanza, na hapo ndipo safari ilipoanza. Ukoo ukanichagua kuwa msimamizi wa mirathi, tukathibitishwa mahakama ya mwanzo, kisha tukafungua kesi ya madai. Dereva alikuwa ameshatiwa hatiani kwenye kesi ya trafiki, kwa hiyo swali la nani mkosaji halikuchukua muda. Kazi ilikuwa ni kiasi gani.

Wengi hapa sokoni wanaamini mahakama hulipa uchungu. Sivyo. Sheria yetu ya ajali za vifo, Sura ya 310, ina asili yake kwenye sheria ya Waingereza ya mwaka 1846, na msingi wake ni hasara ya mkono kwenda kinywani: marehemu alikuwa anawaletea wategemezi wake nini, nao sasa wamekosa nini. Binti wa kaka yangu anayesomea uwakili alinieleza hesabu yenyewe jikoni, nikajiona nimerudi darasa la sita. Chukua kipato cha mwezi. Toa alichokula na kuvaa marehemu mwenyewe, mara nyingi theluthi moja kwa mtu mwenye familia. Zidisha kwa 12. Kisha zidisha kwa idadi ya miaka, ambayo wanasheria wanaiita kizidishi. Kizidishi hakiwi miaka yote iliyobaki hadi uzee, kwa sababu fedha inalipwa yote mara moja na inaweza kuzaa, na pia mtu angeweza kuugua au kufa kwa jambo lingine. Nililikubali hilo. Ni hesabu ya haki.

Shemeji hakuwa na hati ya mshahara. Alikuwa na daftari la kurasa 96 lenye picha ya twiga. Ndani yake kuna kila safari: lumbesa ngapi, bei ya shambani, ushuru, nauli ya Fuso, bei ya kuuzia, hata shilingi 2,000 za chai ya wapakiaji. Nilikaa nalo usiku tatu. Wastani wa faida ulikuwa 240,000 kwa safari, safari mbili kwa mwezi. Yaani 480,000. Toa theluthi, inabaki 320,000. Kwa mwaka ni 3,840,000. Kwa kizidishi cha 10 tu, ambacho kwa mtu wa miaka 38 si uchoyo wala ulafi, ni 38,400,000.

Wakili wa upande wa pili akasema daftari mtu anaweza kuliandika hata jana usiku, na kwamba tuchukue kima cha chini cha mshahara. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Tulileta stakabadhi za ushuru na miamala ya simu kutoka kwa mnunuzi wa Dar. Gharama za mazishi nazo zikakatwa karibu zote: jeneza lilikuwa na risiti, kuni na kuku havikuwa nazo. Fidia maalumu, yaani ya gharama halisi zilizotumika, lazima ithibitishwe kwa ukamilifu, hilo ni jambo la siku nyingi katika mahakama zetu. Ila nani anadai risiti ya kuni msibani?

Hukumu ikatoka: shilingi 15,000,000 kwa wategemezi wote. Sababu yake ni aya moja, kwamba "kwa kuzingatia mazingira yote ya shauri" kiasi hicho kinatosha.

Nikafanya kile ninachowafanyia wanafunzi, nikairudisha hesabu nyuma. Ukigawa kwa kizidishi kilekile cha 10, ni 1,500,000 kwa mwaka, 125,000 kwa mwezi, 25,000 kwa kila mtegemezi. Mama mzazi wa shemeji anapata pungufu ya alichokuwa anatumiwa. Je, hakimu alilikataa daftari? Alishusha kizidishi hadi 4? Alitoa nusu badala ya theluthi? Sijui nikate rufaa dhidi ya kosa gani, kwa sababu kosa halionekani. Huenda hata halipo.

Na kuna kitu hakikuingia kabisa, na hapa lawama ni yetu, kwa kuwa wakili wetu hakukidai. Mdogo wangu sasa anamlipa dada wa kazi 80,000 kwa mwezi, maana mtoto wa mwisho ana miaka mitatu. Shemeji alifanya kazi hiyo bure, saa kumi alfajiri kabla ya kwenda Isyonje. Mahakama ya Uingereza ilikubali mwaka 1915 kwamba mume anaweza kudai thamani ya kazi za nyumbani za mkewe aliyeuawa. Sisi mwaka huu hatukukumbuka hata kuiandika kwenye hati ya madai.

Siombi mahakama zipandishe viwango. Ninaomba kila hukumu ya aina hii iandike mistari michache: kipato kilichokubaliwa na kwa nini, makato, kizidishi, mgao wa kila mtegemezi. Hakimu akinipa 15,000,000 kwa njia ninayoiona, nitarudi nyumbani nikamweleze mama yule wa Rungwe.

Nakala ya hukumu ninayo mezani. Chini ya ile aya pamebaki nusu ukurasa mweupe. Nimepima, hesabu yangu ni mistari sita, ingeenea.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya