Mhariri, "picha kali" haimsaidii mpiga picha

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa timu nzima hapo gazetini. Naandika kuhusu ule ukurasa wenu wa picha za wasomaji, zile za ndege na wanyama na mito, ukurasa ambao mimi ndo naanzia hapo kabla hata ya siasa, na nataka niongelee yale maneno mnayoweka chini ya kila picha. Wiki nenda wiki rudi ni "picha kali sana, hongera", na siku nyingine ni "haina mvuto, ongeza juhudi". Sasa hebu niambieni, mtu aliyelala kwenye nyasi tangu alfajiri anamvizia ndege, akisoma hayo anaondoka na nini? Akisifiwa hajui kasifiwa kwa lipi, akikosolewa hajui arekebishe wapi, kwa hiyo wiki ijayo analeta picha ileile kwa mnyama mwingine.

Na sio nyie peke yenu. Kwenye magrupu ya simu mtu anaposti chui juu ya mti, watu wanashusha vidole gumba na vimoto, halafu anatokea mmoja mwenye kamera kubwa anasema "lenzi yako ndogo hiyo, tafuta ya 600", yaani ya milimita 600 ya kuvuta vitu vya mbali, na mjadala unaisha hapo. Huo wa kumwambia mtu akanunue lenzi ndo ushauri wa kivivu kuliko wote na mara nyingi hata tatizo lenyewe sio lenzi. Chukua picha ya swala iliyopigwa kwa mbali saa saba mchana, jua linawaka, ukiizumu unaona kingo za mgongo wake zimepindapinda na nyasi zimeyeyukiana, yaani hakuna mstari hata mmoja ulionyooka. Fokasi, yaani pale kamera inapolenga pawe wazi zaidi, inaweza kuwa ilikaa sawa kabisa, kilichoharibu ni hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini na kuupinda mwanga kabla haujafika kwenye kamera. Hapo hata umpe lenzi kubwa namna gani, na hiyo hewa nayo itakuzwa vilevile. Dawa ni kusogea karibu kama mnyama anaruhusu, au kurudi asubuhi ardhi ikiwa bado na ubaridi. Hilo ni jambo la kuandika kwa sentensi mbili tu na ni bure.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tukiona picha haiko kali, yaani mistari yake haionekani wazi, tunasema "imetoka blari" basi, wakati blari ziko za aina nyingi na kila moja na sababu yake. Mkono ukitikisika, kila kitu kwenye fremu kinavutika kuelekea upande mmoja, jani, jiwe na mnyama mwenyewe. Mnyama akijongea na shata, yaani kile kifuniko cha kamera kinachofunguka na kufunga kuingiza mwanga, iko taratibu, yeye ndo anavutika ila jiwe lililo pembeni yake liko kali kabisa. Fokasi ikienda kusiko, basi kuna sehemu nyingine kwenye picha iko kali, tafuta kwenye nyasi za mbele yake au matawi ya nyuma utaikuta. Sasa anayechambua akiangalia hayo kwa dakika moja tu anaweza kumwambia mtu kitu cha maana: wewe mkono ulitikisika, na lenzi ya milimita 400 bila kifaa cha kutuliza kamera shata usiishushe chini ya 1/400 ya sekunde. Au mwingine, wewe mkono ulikuwa imara ila ndege mdogo anayepaa anataka 1/2000 na zaidi, 1/500 haitoshi. Huyu wa tatu mwambie tu aiweke fokasi kwenye jicho, maana jicho likiwa kali watu wanasamehe mkia wenye ukungu, ila mkia ukiwa mkali na jicho limefifia hakuna atakayesamehe.

Kuna mfano mwingine nauona kila mara kwenye ukurasa wenu, ndege mweupe. Yangeyange kasimama kwenye maji meusi, jua limempiga, na mwili mzima umekuwa doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Mchambuzi anaandika "mwanga umezidi". Sawa, umezidi, lakini umezidi kwa nini? Kamera nyingi zikiachiwa zipime zenyewe zinatafuta wastani wa fremu nzima, na kwa kuwa maji ya giza ndo yamejaa fremu, kamera inaona kote kuna giza, inaongeza mwanga, ndege anaungua. Ukikutana na nyati mweusi aliyejaza fremu inakuwa vilevile, kamera inaongeza mwanga mpaka nyati anatoka wa kijivu. Mtu akielezwa hivyo mara moja anajua kupunguza mwanga hatua moja kabla ya kumpiga ndege mweupe, na atajua milele. Tena mwonyesheni mahali penyewe: shingoni manyoya bado yanaonekana, mgongoni yamepotea. Na mwambieni ukweli kwamba palipoungua kabisa kompyuta hairudishi, kwa sababu hakuna kilichorekodiwa pale, wakati penye giza, hasa kama alipiga faili ghafi (RAW, ile ambayo kamera haijaibana wala kuirekebisha), unaweza kupainua kidogo na ukapata kitu.

Hapo nagusa jambo ambalo wachambuzi wengi wanalichanganya. Kuna makosa yanayotibika ukiwa mezani, picha iliyoinama upande, rangi iliyoenda buluu kupita kiasi, eneo tupu upande wa kulia la kukropu, yaani kulikata. Kuna yanayotibika kulekule porini tu, kwa mfano kijiti kinachoonekana kimeota kwenye kichwa cha ndege, ambacho hatua moja kwenda kushoto ingekiondoa, au picha iliyopigwa mtu kasimama wima anamtazama mnyama mdogo kutoka juu, wakati angepiga goti wangetazamana macho kwa macho na picha ingebadilika kabisa. Na kuna ambayo hayatibiki, mnyama aligeuka, wingu lilifunika, ndo hivyo. Kumlaumu mtu kwa wingu ni kumvunja moyo bure. Ukimwambia lakini kwamba hiki ungekiona pale ukitazama kingo za fremu kabla ya kubonyeza, hapo umempa kitu cha kufanya kesho asubuhi.

Halafu muulizeni kwanza alitaka nini. Mtu anapiga kundi la ndege kwa 1/30 huku anaizungusha kamera kuwafuata, mabawa yanatoka michirizi na hiyo ndo picha aliyoikusudia, nyie mnamwandikia "haiko kali". Hapo swali la haki ni kama michirizi inatuonyesha mwendo au imebaki fujo tu, kama kuna angalau kichwa kimoja cha kulishika jicho. Anaweza kuwa kakusudia na bado hajafanikiwa, na hilo mwambieni pia bila kuogopa, mimi siungi mkono ile tabia ya kulainisha kila kitu mpaka mtu hajui kama kasifiwa au kakosolewa. Sema lililo zuri kwa kulitaja lenyewe, kwamba mwanga wa nyuma umechora manyoya ya sikio, halafu sema lililokwama, moja au mawili yenye uzito zaidi, yatosha. Makosa kumi na moja kwa mtu anayeanza ni kumfukuza.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma zaidi, nalo ni kusifia picha ambayo haikupaswa kusifiwa. Kuna aina za ndege wanaotaga chini ambao wakiona hatari wanaburuza bawa ardhini wanajifanya wamevunjika ili wakuvute mbali na kiota. Inatoka picha nzuri kweli, bawa limetandazwa, vumbi, mwendo, na watu wanapiga makofi. Ila picha hiyo inasema mpiga picha yuko karibu sana na mayai au vifaranga, na kila dakika anayokaa pale mayai yanaachwa juani na mnyama anayewinda anaweza kuja kuyala. Hapo neno la kwanza la mchambuzi halitakiwi kuwa la fremu wala rangi, liwe "ukiona hivi tena, ondoka". Vivyo hivyo kiboko aliyepanua mdomo, watu wanaandika "anapiga miayo jamani, anachekesha", wakati mara nyingi lile ni onyo, anakuonyesha meno urudi nyuma. Na tembo aliyetandaza masikio kakukabili uso kwa uso. Mchambuzi asiyewajua wanyama atasifia hatari na ataona ni ujasiri, halafu msomaji mwingine aliyeko nyumbani naye atataka ya kwake iwe karibu zaidi ya hiyo.

Nasema hivyo kwa sababu kumjua mnyama ni nusu ya kuisoma picha yake. Farasi akikimbia, wachoraji kwa miaka mingi walimchora kanyoosha miguu mbele na nyuma wote hewani, mpaka mwaka 1878 huko California mpiga picha Eadweard Muybridge akampiga kwa safu ya kamera na ikaonekana kwamba kwato zote zinaacha ardhi wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo. Jicho lilikuwa limezoea kitu ambacho hakipo. Na sisi bado tunamwambia mtu "mkao wa huyu mnyama haujakaa vizuri" kisa tu haufanani na ule tuliouzoea.

Na kutazama kwa makini kunafika mbali kuliko tunavyodhani. Yale mashindano ya picha za wanyamapori, Wildlife Photographer of the Year, yanayosimamiwa na jumba la makumbusho la Natural History Museum la London, yapo tangu 1965, yaani wanaohukumu pale sio watu wa kubahatisha, lakini picha moja iliyoshinda kundi lake mwaka 2017 ilivuliwa ushindi mwaka uliofuata. Ilikuwa ya mnyama mla mchwa wa Amerika Kusini akikaribia kichuguu usiku. Wataalamu walipoilinganisha na mnyama aliyekaushwa aliyekuwa akionyeshwa kwenye lango la hifadhi husika, wakaona alama na manyoya vinafanana mno kuwa wanyama wawili tofauti. Mpiga picha alikana. Kabla yake ushindi mkuu wa 2009, mbwa mwitu wa Ulaya (wolf) anaruka geti, nao uliondolewa kwa sababu waamuzi waliona kuna uwezekano mkubwa mnyama ni wa kufugwa. Silaumu picha ya mnyama wa kufugwa, mtu apige tu, ila aseme. Nikijua tai yule yuko kwenye mkono wa mfugaji nitaichambua picha kwa mwanga na mpangilio, sitamsifia kwa subira ya porini.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu ni la vitendo. Punguzeni picha kwenye huo ukurasa, hata zikiwa mbili kwa wiki badala ya zile sita zilizobanana, na nafasi itakayobaki mpeni mchambuzi aandike aya moja kamili kwa kila picha. Kila anayetuma picha aandike mistari michache: alitaka kuonyesha nini, alikuwa umbali gani, shata na lenzi ya ngapi, na mnyama alikuwa huru, kafungiwa au aliwekewa chakula ili asogee. Mkiona kiota au vifaranga muulizeni alifikaje pale kabla hamjaamua kuichapa. Picha za vifaru na wanyama wengine wanaowindwa na majangili msiandike mahali wala siku zilipopigwa, na zile mnazoweka mtandaoni hakikisheni mmefuta taarifa za eneo ambazo simu na kamera nyingine zinahifadhi ndani ya faili, maana msomaji wa kawaida hajui kama zimo ila anayemtafuta kifaru anajua pa kuzitafuta.

Na mchambuzi wenu kama nafasi inambana na lazima achague sentensi moja tu, basi achague ile inayomwambia mtu afanye nini akirudi porini, zile hongera anaweza kumpigia simu akampa.

Wenu,
Msomaji wa ukurasa wa picha